Sarafu ya Mama Kwenye Mashine ya Santuri

Nyumbani,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 15 Juni.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Goti lako linaelewana na ngazi za kazini? Na wifi yangu hajambo, na wale mapacha wanaomaliza viatu kama mchwa? Sisi huku tunapumua. Shangazi amerudiwa na mafua yake na kelele zake. Baba anatembea na anakula, ila wiki hii nyumba yetu ilikuwa ya kunyata, na chanzo ni mimi na zile pesa zako. Kaa chini usome.

Uliniagiza niitengeneze mashine ya santuri ya baba bila kumfilisi mtu. Nikamfuata fundi redio aliye kando ya duka la dawa. Nilidhani atanitajia spika kubwa. Akacheka. "Dada, kila mtu huanza na spika kwa sababu ndizo wageni wanaziona. Anza na kile kinachoigusa santuri." Basi tukanunua sindano mpya, mkanda mpya wa kuzungushia sahani inayobeba santuri, na amplifaya ndogo iliyotumika. Spika tumeacha zile zile. Mkanda wa zamani ulikuwa umelegea, ndiyo maana Mama, kwenye ile santuri ya kwaya yao, alikuwa akiimba kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sasa ndipo penye moto. Unaikumbuka sarafu aliyoibandika Mama kwa plasta ya hospitali juu ya mkono wa mashine unaoshika sindano, ili isiruke kwenye ubeti wa pili, pale kwaya ya wauguzi inaponyamaza na yeye kubaki akiimba peke yake. Tangu tumzike, baba anaipiga santuri hiyo kila asubuhi, siku nyingine mara tatu. Fundi nilipomweleza habari ya sarafu alishika kiuno. "Uzito huo, na sindano butu? Mama yenu mnamkwangua. Miezi michache tu mtabaki na sauti ya mafuta kikaangoni." Na nakala nyingine haipo, kaka. Nimewauliza wauguzi wenzake wote walio hai.

Nikamwambia baba. Unamjua mwenyewe, mtu aliyefungua saa za watu miaka arobaini. "Nifundishwe sindano na mtu wa redio? Atakayegusa sarafu hiyo atafute baba mwingine." Mjadala ukafungwa.

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Jumanne baba alipokwenda kliniki kupimwa presha, nikamwita fundi nyumbani. Akafunga kila kitu, akaupima uzito mkono wa mashine kwa kimizani kidogo, na sarafu nikaibandua mimi mwenyewe. Kosa langu ni hilo: nilifanya kwa kujificha, kama mwizi katika nyumba ya baba yangu. Alirudi kabla ya saa sita. Hakufoka. Aliuliza tu iko wapi, nikampa. Akaibandika tena, safari hii juu ya sindano mpya, akawasha, sahani ikaanza kuzunguka.

Kaka, niliweka kiganja changu juu ya santuri. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

"Toa mkono."

"Sitoi, baba. Unamsaga Mama."

Shangazi alinyanyuka na kikombe chake akatoka. Baba aliniangalia, kisha akazima mashine, akaingia chumbani kwake. Siku mbili hatukusemezana. Chakula nikimpelekea, nusu kinarudi. Nililia jikoni, sikufichi, na nilikulaumu na wewe pia, kwa sababu kutuma pesa ni rahisi kuliko kusimama mbele ya yule mzee.

Ijumaa asubuhi nikamkuta mezani, lenzi yake ya saa ameibana jichoni. Ameishika kwa kibanio ile sindano ya zamani, ambayo fundi aliiacha kwenye kifuniko cha soda. Ncha ilikuwa imelika upande kama patasi ya kuazima. Akaivuta santuri, akainamia ubeti wa pili, akakaa hapo muda mrefu. Mistari mingine yote ya santuri ilikuwa inang'aa, ya pale ilikuwa na weupe. Nikamwambia labda ni vumbi.

"Si vumbi hili," akasema. "Ni yeye."

Kisha baba yetu, ambaye hata makaburini hakulia, akalia. Sarafu aliibandua kwa mkono wake mwenyewe.

Leo tumeipiga. Sindano aliniachia niiweke mimi. Tulipokaribia pale sindano ilipozoea kuruka, shangazi akaanza kusali kwa sauti mpaka baba akamnyamazisha. Haikuruka. Sauti ya Mama imechakaa, sikudanganyi. Ina mikwaruzo, na maneno mawili hayapo kabisa. Lakini kabla hajaanza kuimba tulisikia kitu ambacho mashine ile haikuwahi kutupa: alivuta pumzi.

Baba aliinua kidole. "Amepumua," akasema.

Ubeti wa pili ulipoisha, akaunyanyua mkono wa mashine. Anasema kila kuipiga ni kuipunguza, hata kwa sindano mpya, na ubeti wa tatu ni wako. Hukuwahi mazishi, na hakuna anayekulaumu. Lakini santuri ameifunga kwenye kitambaa chake cha saa, ameiweka kabatini, ufunguo uko mfukoni mwake. Haitapigwa mpaka uketi kwenye kile kiti cha dirishani. Sarafu ni hii niliyoibandika chini ya karatasi. Amesema uje nayo mwenyewe, usiitume.

Nisalimie wifi, uwabusu mapacha. Shangazi anakusalimu na anauliza ni lini. Baba hajatuma salamu. Anasema atakusalimu mwenyewe.

Mungu awafunike nyote na akufungulie njia. Presha ya baba Jumanne ilikuwa juu sana, kaka. Usikawie.

Ni mimi nikupendaye hata nikikasirika,
mdogo wako,
Kasuku.