Kulala kwa Mugongo

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5, mwezi wa tano

Asubuhi tena, ndani ya sale kubwa ya kanisa, kwetu Ndosho, Goma. Wamama walijaa mpaka mulangoni. Haya, walikuwa nane. Niliwapa ile ya kusimama kwa muguu moja. Mimi nilisimama mpaka ndege angejenga nyumba kichwani. Yoga nilijifunza nikiwa sentineli kwa madame mumoja: yeye kwa baraza, mimi kwa geti, namufuata kwa macho. Alipokimbia vita aliniachia mikeka. Kutoka hapa mpaka Bukavu hakuna mwalimu kama mimi. India wenyewe wangenipa kiti.

Mama Sifa, muuza samaki za sambaza kwa soko ya Kituku, anasema mugongo inaanza kumuachilia. Nimefurahi sana.

Siku ya tatu, tarehe 7

Baridi. Mwisho ya mazoezi ni kulala kwa mugongo, mikono pembeni, macho imefungwa. Nzi wakaingia. Nikapata akili: kila mama ajifunike kikwembe yake, kuanzia kichwa. Niliwapanga mustari moja chini, juu ya simenti. Nikajisifu ndani ya roho.

Mama Sifa akaamka, akaangalia wenzake. Hakulia. Akaniambia polepole: "Tonton, ni hivi wafu wa vita walikuwa wamepangwa kando ya barabara. Nilifunua mumoja mumoja mpaka nikamupata baba Sifa."

Akatoka bila viatu, juu ya mawe ya volkano. Wengine wakakunja vikwembe.

Siku ya tano, tarehe 9

Wamama wawili tu wamekuja. Kosa ni yangu. Nimezaliwa Goma, sikuanguka kutoka mbinguni, ningejua. Ile mwezi wa kwanza, vita ilipoingia Goma, nilipita barabara ileile. Ndosho yote inajua nilivuka katikati ya risasi nikipiga miluzi. Ni mimi niliwaambia. Lakini tangu juzi, nikifunga macho, naona miguu inatoka chini ya vitambaa. Moja ilivaa soksi ya mutoto wa masomo.

Sikuwalalisha. Niliwaachilia mapema.

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 10

Nilimupelekea Mama Sifa viatu vyake kule Kituku. Njiani, juu ya pikipiki, nilitengeneza maneno makubwa. Yote ikapotea. Nilisema pole tu.

Akasema tangu vita analala amekaa, mugongo kwa ukuta. Ndiyo sababu inauma. Beseni ya samaki anayobeba kichwani haina kosa.

"Unifundishe kulala, Tonton. Ile ya muguu moja, baki nayo."

Nimeogopa. Madame hakunifundisha hiyo.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Mama Sifa amekuja. Leo hakuna mustari. Kila mutu pahali anataka, mulango wazi, kikwembe ikunjwe iwe muto. Nikasema tulale kwa ubavu, magoti karibu na tumbo. Maiti haipangwi hivyo. Sikusema sababu. Walijua.

Anayetaka, abaki na macho wazi. Mimi yangu ilibaki wazi.

Mama Sifa aliangalia mulango muda murefu. Halafu akaanza kukoroma.

Saa yetu iliisha. Hatukumuamsha. Kwaya walikuja kurudia nyimbo zao. Nikawaomba wangoje nje.

Wakangoja.