Ile Ndiyo Niliyomjibu Mama

Nateete, Kampala

Dada Faida,

Hujambo wewe na watoto? Mguu wako umepona, au bado unaamka nao umevimba? Mimi mwili mzima. Moyo usiuulize. Ujumbe wako nimeusoma: "Mama alikuomba uje, ukajibu ndiyo, kisha ukakaa huko kama si yeye aliyekuzaa." Simu zangu hupokei, basi nakuandikia.

Dada, sikumsikia. Haki ya Mungu! Miaka yote hii kando ya mashine ya kusaga unga imenila masikio, nami nikaficha. Nani atampa kiziwi kazi? Nikajifunza kutazama midomo na kuitikia kila kitu. Ndiyo, bosi. Ndiyo, mama mteja.

Mwaka jana nilipata vifaa vya kuvaa masikioni. Bwana mmoja wa Bukoto aliniweka kwenye chumba kimya, akanipigia milio, pii, pii. Nikisikia nainua mkono. Akaiachia kompyuta ipange sauti yenyewe, akanivalisha. "Unanisikia, ssebo?" akaniuliza, ndivyo wanavyomwita bwana huku. Nilikuwa nimeikodolea midomo yake. Nikasema ndiyo. Robo saa, kwisha! Kutoka nje, lo! Honi, vijiko, mashine, vyote vilinipasua kichwa, lakini maneno ya watu yalibaki uji. Nikaona haya kurudi.

Ndipo Mama akanitumia ule ujumbe wa sauti. Niliurudia mara tatu. Sauti yake niliitambua, maneno hapana. Kumwomba mtu anisikilizie nikaona aibu, nikamjibu nilivyozoea: "Ndiyo, Mama, nimesikia."

Ulipoandika kwamba mmeshamzika, nilikwenda kwa mtaalamu mwingine, mama mmoja wa Luzira, nikiwa nimeikasirikia dunia nzima. Nikamwambia avitupe vile vifaa anipe vingine. Akakataa. Aliniingiza mrija mwembamba sikioni, apime sauti inayofika ndani kweli huku yeye anaongea kawaida. Akashusha ngurumo, akapandisha zile sauti nyembamba zinazofanya neno lieleweke. Kisha akawasha kelele za soko kwenye spika, akaziba mdomo kwa karatasi, akanisomea sentensi za Kiswahili nizirudie. Nikikosa, anarekebisha. Nikikosa tena, anarekebisha. Tulikaa hapo asubuhi nzima.

"Vifaa havina kosa, ssebo," akaniambia. "Havikupimwa kwa maneno ya mtu. Na wewe ukasema ndiyo."

Nilimchukia mama wa watu kwa kusema kweli. Ni vifaa vilevile, Dada, ndivyo nilivyovaa sasa.

Nikakaa kwenye benchi lake la nje, nikafungua ule ujumbe. "Mwanangu, nimechoka. Utakuja nikuone, au nisikungoje? Niambie ukweli tu." Chini yake, sauti yangu ya kipumbavu.

Sasa naelewa ulivyoandika kwamba alikataa kulala chumbani, akataka godoro liwekwe sebuleni auone mlango. Siku nne akiningoja! Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kimeniumbua kifo cha mama yangu.

Nisalimie shemeji, mumeo, aliyechimba kaburi mahali pangu. Nisalimie baba mdogo Safari, na shangazi Nsimire aliyemwogesha Mama. Sina uso wa kuwaambia zaidi.

Wewe usiniandikie tena. Pokea simu, unitukane kwa mdomo wako. Nitasikia kila neno.

Mdogo wako,
Bahati