Karte ya mama wa Rutshuru

Miriam, bwana yangu Nshobole ametoka kwenye mukutano wa parokia. Amechoka, hataki hata kula.

Alisimama mbele ya batu akasema kwao Bukavu, kule alizaliwa, batu walipiga kura wengi, lakini Rutshuru sifuri. "Batu ya Rutshuru, mbona munapenda kulala?" Kulala! Alisema kulala!

Mama moja mukimbizi wa Rutshuru akasimama polepole. "Papa, kwetu ilikuwa vita. Hata biro moja ya kura haikufunguliwa."



Mama akatoa karte yake ya kura, imeisha rangi. "Niliionyesha waaskari kwenye bariere zote za barabara nikikimbia. Nilichukulia unga wa musaada nayo. Kura tu ndiyo sijapiga nayo."

Na wewe unajua, Miriam. Siku ile ya kura Nshobole aliona mustari murefu kwenye biro ya kura hapa kwetu Katindo, akarudi nyumbani kulala.