Chumba cha Tano cha Tembe la Kigwa

Sinza, Dar es Salaam
7 Aprili 2025

Baba yangu mpenzi, Mzee Abbasi,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kiuno chako kimeacha ubishi baada ya zile mvua. Mimi huku sijambo, wasiwasi ni juu yenu tu. Shangazi Maua anaendeleaje na miguu, peke yake kwenye lile jumba la Kigwa? Na mtani wetu Mzee Lugembe bado anakuja karakana kila siku kukutukana na kumaliza kahawa yako? Mwambie Wazaramo wenzetu wa huku wameniuliza kama Wanyamwezi bado wanatembea wameinamisha shingo kana kwamba mzigo haujatuliwa.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa najua msimamo wako, kwamba simu ni ya habari za misiba. Nina ombi, Baba, tena ni la kifundi.

Nilishakwambia kwamba tukitoka kazini pale kwenye uchapaji tunacheza mchezo wa hadithi. Tunakaa watano mezani. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali palivyo na kilichopo. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anafanya nini. Jambo likiwa gumu, kama kuruka ukuta au kumtoroka jini, tunarusha dadu na namba ndiyo inaamua. Msimulizi ni mimi, na uongo ninaoutunga pale, Mungu anisamehe, mtu anaweza kushindwa kwenda chooni peke yake. Sasa mwenzetu Erasmus anataka kuchapa safari zetu ziwe vitabu vidogo ili na wengine wacheze, na ya kwanza ni yangu! Wasafiri wanne wanakimbia mvua, wanaingia kwenye tembe kuukuu kando ya njia ya misafara. Kumbe mwenye nyumba, mnyapara wa wapagazi, alikufa zamani ila hajakubali.

Tatizo ni Julieth, mchezaji wangu mbishi. Kaniuliza mlango wa tembe ulikuwaje, nikakwama. Mtoto wa seremala wa Tabora nimekwama mlangoni! Nisaidie kabla hawajanicheka zaidi.

Mwanao,
Shamila


Gongoni, Tabora
22 Aprili 2025

Binti yangu Shamila,

Marahaba mwanangu. Sisi hatujambo. Kiuno kipo, kinanikumbusha nisipokikumbuka. Shangazi yako anatembea mpaka stesheni na kurudi, ila analalamika ili apewe pole. Lugembe nimemfikishia salamu zako. Kasema Mzaramo hakuwahi kubeba mzigo maana alikuwa anajificha nyuma ya gunia, na mengine aliyosema siwezi kuyaweka kwenye karatasi.

Hizo dadu sizipendi. Dadu ni kamari, na kamari haina mtoto mzuri. Kama hamwekeani fedha basi nashukuru, lakini tafuteni kitu kingine.

Sasa mlango. Mlango wa zamani hauna bawaba. Ubao unachongwa na ncha mbili, moja juu na moja chini, zinaingia kwenye vishimo vya kizingiti na kuzunguka humo humo. Ubao wa mninga haulii, bali hunguruma. Waandikie hivyo wachezaji wako, watakimbia. Paa la tembe ni bapa, magogo na udongo juu, na mvua ikizidi udongo hudondoka ndani kidogo kidogo, mtu akadhani kuna mtu anatembea juu. Nililala kwenye nyumba ya namna hiyo utotoni pale Kigwa kabla hatujaweka bati, najua ninachosema.

Niletee hilo daftari nilisome lote. Usije ukaandika mambo ya ufundi ya ovyo nikaaibika mbele ya mafundi wenzangu.

Baba yako,
Abbasi


Sinza
5 Mei 2025

Shikamoo Baba,

Ahsante kwa mlango! Niliposoma kwamba unanguruma, Erasmus alisogeza kiti. Habari za nyumbani? Mimi mzima, joto tu linatuandama. Daftari ndilo hili, linakuja na basi, limo kwenye mfuko wa kofia zako mpya.

Tembe lina vyumba vitano. Cha kwanza kuna pembe za ndovu zinazojipanga zenyewe. Cha pili mnyapara anaita majina ya wapagazi, na mchezaji akiitika kwa bahati mbaya, anabaki humo. Lakini ninachokipenda ni cha tano. Mlango wake umepigwa udongo ukafanana na ukuta, na kila baada ya muda mtu anabisha hodi kutoka ndani. Mnyapara alimfungia humo mpagazi mwenye ndui, hai, akaupiga mlango udongo na kusafiri na mzigo wake. Ndiyo sababu mnyapara haruhusiwi kupumzika.

Hicho sikukitunga mimi. Bibi Mwanajuma alinisimulia nikiwa darasa la tano, tukichambua mchele. Alisema ilitokea kwenye nyumba moja huko Kigwa, na huyo mnyapara aliitwa Idrisa. Jina nimeliacha kama alivyolisema. Erasmus anachapa mwisho wa Agosti. Nasubiri masahihisho yako kwa hamu.

Mwanao,
Shamila


Gongoni
19 Mei 2025

Shamila,

Nimesoma.

Nyumba hiyo ni yetu. Idrisa ni babu yangu, baba wa baba yangu. Mama aliniapisha nikiwa na miaka kumi na miwili nisimwambie mtu, na mimi sijamwambia mtu, hata marehemu mama yako. Ukuta wa chumba hicho shangazi yako ameuegemezea mitungi na hajui. Sijui kwa nini Mama alikwambia wewe.

Hicho unachokiita mchezo ni aibu ya ukoo. Ukikichapa, usitafute radhi yangu.

Abbasi


Sinza
2 Juni 2025

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na sikuweza kuimaliza nikiwa nimesimama. Nisamehe. Sikujua ni sisi. Mtoto haulizi nyumba ya nani, anauliza ikawaje.

Nimemwambia Erasmus aiondoe. Ameniuliza sababu nikamwambia ni mambo ya nyumbani. Amesema nafasi ataniwekea mpaka Agosti endapo nitabadili mawazo, nami nimemwambia sitabadili. Wenzangu wamechukia, na mimi nimelia, sikufichi, kwa sababu ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Lakini kitabu kitaandikwa kingine. Bila radhi yako sitoki hata nje ya mlango wangu.

Daftari lichome ukipenda. Niandikie tu kwamba uko salama.

Mwanao,
Shamila


Sinza
30 Juni 2025

Baba, shikamoo,

Wiki nne sasa. Shangazi hapokei simu. Sina neno la kuongeza juu ya niliyoyaandika. Naomba salamu tu, hata kwa kupitia kwa Mzee Lugembe.

Mwanao,
Shamila


Gongoni, Tabora
20 Julai 2025

Binti yangu Shamila,

Marahaba, mama, marahaba mara tatu kwa shikamoo zako zote ambazo sikuziitikia. Mimi ni mzima. Shangazi yako ni mzima pia, simu yake iliangukia kwenye sufuria ya maharage. Kaa chini uisome hii, na safari hii utaimaliza.

Daftari sikulichoma. Nililificha chini ya mabaki ya randa, na Lugembe, ambaye hajui kuacha kitu kilichofichwa, akalikuta. Akasoma kurasa tatu kwa sauti akaniuliza: "Hii ni nini, Mzaramo? Mbona inaniwasha nywele?" Nikamweleza kwa ufupi, bila yale ya ukoo. Akasema tucheze. Nikakataa. Akamwita Selemani, yule fundi cherehani wa jirani, na wote wawili wakakaa kwenye benchi langu kama watu waliokuja kuposa. Ningefanyaje? Dadu nilikataa kata kata. Nikachonga vibao sita vya mninga, nikaviandika namba, nikavitia kwenye mojawapo ya kofia ulizoniletea. Anayetaka kuruka ukuta achomoe kibao.

Mimi nikawa msimulizi. Wewe mtoto una laana ya ulimi! Selemani alikataa kuingia ndani ya tembe kabisa. Alisema mhusika wake ataloa na mvua nje mpaka asubuhi, na akaapa kwamba hiyo ni haki yake. Lugembe akaingia, akamkuta mnyapara anaita majina. Badala ya kuitika au kunyamaza kama ulivyoandika, akaanza kumtukana: "Wewe Mzaramo, kila kitu unashindwa, mpaka kufa? Wenzako wanakufa mara moja, wewe unarudia darasa!" Daftari lako halikusema mnyapara afanye nini akitukanwa, nikaamua kwamba ni Mzaramo kweli, anakasirika lakini hawezi kumgusa Lugembe, kwa kuwa ni mtani wake. Tulicheka mpaka wateja wakaja kuchungulia.

Kisha akafika chumba cha tano. Nikasoma ile hodi. Lugembe akasema, "Navunja." Ilikuwa nisome kinachofuata, nikalifunga daftari. Nilikaa nalo mkononi, mtu mzima wa miaka sitini na saba. Selemani alinichukulia maji. Nikawaambia yote, na ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka tangu Mama aliponiapisha.

Lugembe hakucheka. Akaniuliza: "Kwa nini hamjafungua?" Nikasema damu haiwezi kumfukua mtu iliyemzika hai. Akasema: "Ndiyo. Na mimi si damu. Mtani yuko kwa ajili ya nini? Babu zangu waliwachimbia makaburi babu zako njia nzima ya misafara, leo nitashindwa na ukuta? Alhamisi tunaenda, na Maua apike wali."

Tukaenda kwa pikipiki yake, saa nne asubuhi tuko Kigwa. Shangazi yako nilimweleza uani, akakaa kwenye kinu na kusoma Ayatul Kursiy bila kupumua. Mitungi ikaondolewa. Lugembe akabisha hodi kwanza, akasema kwa Kinyamwezi kwamba yeye ni mtani na amekuja kwa heri, ndipo akapiga sururu. Udongo ulidondoka kwa mabamba. Mlango ukaonekana, mninga mtupu, hauna hata doa la mchwa. Akausukuma kwa kidole. Ukanguruma, ukafunguka.

Shamila, haukuwa umefungwa.

Lugembe aliingia, akakaa humo muda ambao nilihesabu kila kosa langu duniani, akaniita: "Njoo wewe fundi, haya ni mambo yako." Nikaingia. Mwanga ulikuwa wa kutosha. Kulikuwa na kitanda cha kamba kilichoanguka mguu mmoja, na kata ya kibuyu. Mfupa hakuna. Baadaye tulipepeta sakafu yote kwa ungo wa Maua, hakuna hata jino. Kwenye ukuta wa nyuma, usawa wa goti, kulikuwa na tundu la kupitishia bakuli, lililozibwa kwa nje, na ukingo wake wa chini umelainika kwa mikono. Mtu aliyeachwa afe hapitishiwi bakuli mpaka udongo ukang'aa.

Nikaugeukia mlango, maana mlango ndio ninaoujua. Upande wa nje hakuna kitu. Hakuna pete ya kufungia, hakuna tundu la pete, hakuna mkwaruzo. Komeo liko ndani. Nimelishika kwa mikono hii. Limechongwa na fundi aliyejua kazi, na limelika katikati, pale kidole gumba kinapokaa. Komeo haliliki kwa siku moja. Mwenye chumba alikuwa anafunga na kufungua mwenyewe, siku baada ya siku, na mara ya mwisho alilivuta akalifungua akatoka. Hakuna namna nyingine ya kulisoma. Nimefanya kazi hii miaka arobaini na mitano, naweza kuapa mahakamani.

Huyo mtu alijitenga ili asiwaambukize wenzake, na mzee Idrisa alimlisha kupitia ukutani. Alipopona wakakipiga udongo chumba ili mtu mwingine asiupate ugonjwa humo. Mama aliingia nyumba ile kama bi harusi miaka mingi baadaye, akakuta ukuta ambao watu wanaupita kimya. Bi harusi hapewi habari za nyumba, hupewa kazi. Akajaza mwenyewe kilichokosekana, kisha akatuachia sisi. Simlaumu. Mimi nilipewa ule woga nikaubeba nusu karne bila kuuliza hata upande wa komeo, na mimi ni seremala!

Jina la huyo mpagazi silijui, wala alikokwenda. Labda Ujiji, labda kwao. Kila mwaka nilikuwa nachinja kuku na kumwita mwalimu asome khitma, mama yako akidhani ni ya wazee wetu, kumbe namsomea yeye nikimwomba asitudai. Lugembe amecheka mpaka amekaa chini. Anasema nimemsumbua mtu wa watu ambaye pengine alikufa na wajukuu thelathini. Nami nimecheka. Nilitoka kwenye chumba kile nikakaa uani juani na Maua, tukala wali wa mtani kwa mikono yenye udongo, na kiuno changu, niamini, hakikuuma siku ile.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Nilikuandikia maneno ya ukali kwa kosa ambalo halikuwapo, na hata kama lingekuwapo, lisingekuwa lako. Nisamehe, mwanangu. Mwambie Erasmus arudishe safari yako. Jina la Idrisa ulitoe, hastahili. Mnyapara wako mpe jina lingine na umwache atishe watu anavyotaka. Cha tano kiandike upya au kiache, ni chako.

Na lile neno nililoliandika mwezi wa tano ulifute kabisa moyoni. Radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo hata siku ile niliyokuandikia kwamba huna, maana usiku ule ule nilikuombea dua kama kawaida, nikiwa bado nimekasirika.

Baba yako,
Abbasi