Moshi wa Jumamosi

Mpendwa Rabi,

Hilo "mpendwa" limeandikwa kwa mazoea tu, maana barua yako imenitia kinyaa. Unasema askari wameondoka madarakani, dini yetu imeruhusiwa tena, na sasa ungependa kututembelea hapa Kyebando "kama zamani." Loo! Zamani ipi hiyo?

Ile ya kwanza naikumbuka. Ulikuwa ukitoka Nairobi mara mbili kwa mwaka, viatu vimejaa vumbi, kuja kutusalisha Wayahudi tusiojaza hata sebule ya baba. Kiganda ulikuwa hukijui, Kiebrania chetu kilikuwa cha kubabaisha, basi Kiswahili kikatuokoa. Ulinifundisha kuwa siku ya Sabato moto hauwashwi. Baba akakuuliza, "Na mtu akiwa hatarini?" Ukapiga meza kwa ngumi. "Uhai kwanza, Mzee! Sheria ni ya kuishi nayo, si ya kufa nayo." Baba alicheka mpaka akamwaga chai. Siku hiyo nilikupenda sana.

Kisha redio ikatangaza kwamba dini yetu ni marufuku. Jirani yetu fundi cherehani, aliyezoea kula mkate wetu wa Ijumaa, akageuka mpelelezi. Akawa anachungulia jiko letu. "Nyinyi Jumamosi hapana pika? Moshi iko wapi?" aliniuliza, meno yote nje. Wiki hiyohiyo askari walikuwa wamemchukua mwenzetu mmoja, na hajarudi mpaka leo. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi niliwasha kuni mbichi chini ya sufuria ya maji matupu, ili mtaa mzima uone moshi. Nilijichukia, Rabi. Nilikuwa nikimaliza natema mate kwenye majivu.

Ndipo baba akaugua. Hakutaka daktari, alikutaka wewe umsomee sala ya mwisho. Nilikutumia ujumbe kwa mfanyabiashara Mkenya wa soko la Kikuubo, ukajibu kwamba unakuja. Ukafika Ijumaa, ukalala mjini, na Jumamosi ukaja kwa miguu. Nilikuona kwenye ua wa michongoma, nami nimeinama napuliza moto. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pake, sikuweza kukuita. Nikakuelekeza kwa macho chumba cha baba. Ukautazama moshi, ukanitazama mimi kama mtu aliyekanyaga kinyesi, ukageuka ukaenda zako.

Jumapili nilikimbia hadi nyumba ya wageni. Wakasema umeondoka na basi la alfajiri. Uliniachia karatasi: "Nimeona moshi. Nyumba ile si yetu tena."

Hukuuliza! Wewe uliyepiga meza ya baba kwa ngumi, jamani banange, hata swali moja hukuuliza. Sijui kama ulichukizwa kweli na moshi, au ulimwona fundi ukaogopa, moshi ukawa kisingizio. Yote mawili yananitapisha. Fundi nilimdharau, lakini yeye hakuwahi kunifundisha lolote.

Na kuna jambo hulijui. Ulipogeuka tu, niliingia kwa baba. Alikuwa amesikia hatua nje.

"Rabi amefika?"

"Amefika, Baba. Yuko sebuleni, anasali."

Akafumba macho. "Mwache amalize. Yule hawezi kumwacha mtu."

Hakuyafumbua tena. Mimi, niliyezoea kuwadanganya wapelelezi kwa moshi, nilimdanganya baba yangu kwa ajili yako, ili afe akikuheshimu.

Basi njoo, sikukatazi. Jumamosi jiko langu ni baridi siku hizi, hutaona kitu cha kukukimbiza. Ila usianzie kwangu. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Nenda kwanza ukamwambie kwamba umemaliza kusali.

Kwaheri ya mdomoni tu,

Binti wa Mzee aliyekungoja