Kioo cha Kushoto

Maparoni, Kibiti

Dada Tumpe,

Bwana asifiwe, dada yangu. Huku nimezoea kuitikia salaam alekum asubuhi hadi jioni, na Jumapili iliyopita nilimwitikia hivyo hivyo mzee wetu wa kanisa, akabaki ananitazama. Mimi ni mzima. Kifua kile cha utotoni kimeniacha tangu nije kwenye joto, na chakula nakula: wali na samaki, wali na kamba, nikibahatika wali na kuku. Mgongo wako umepoa? Shemeji ameshaezeka jiko, au bado anasubiri mvua ya Tukuyu ikatike, jambo ambalo mimi tangu nizaliwe sijaliona?

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Nimeamriwa. Aliyeniamuru ni mwenyekiti wa kijiji, na habari zake zinakuja. Umeniuliza mara mbili kwenye simu kama miwani ya marehemu mama iko salama, kwa sababu macho yako yameanza kukataa kitabu cha nyimbo na unataka uivae kanisani. Mara zote mbili nilikujibu ipo salama. Dada, nilikudanganya. Fremu ipo na kioo kimoja kipo. Cha pili nilikitoa nikatengenezea darubini.

Usiikunje barua kwanza. Vuta kigoda, ukae, usome.

Unakumbuka sisi tulivyokua. Kwetu ukungu ulikuwa unaingia mpaka chini ya kitanda. Nyota nilikuwa nazisikia darasani tu, kama nilivyokuwa naisikia bahari. Nilipofika huku, jioni ya kwanza mawingu hayakuwepo, nikatoka nje kuanua shati, nikatazama juu, nikasahau shati. Asubuhi nililikuta na umande. Mwalimu mwenzangu Shabani, mzaliwa wa hapa hapa, alinicheka wiki nzima. Lakini kucheka kwake kukageuka maswali, na maswali yakatutia kazini.

Alikuwa amesoma mahali kwamba kioo cha miwani ya kusomea, isiyo kali, kinaweza kuvuta vitu vya mbali ukikiweka mwanzo wa bomba refu. Tukapata bomba la plastiki lenye urefu wa karibu mita moja, tukalipaka masizi ya sufuria kwa ndani. Cha kuchungulia tulikipata kwenye hadubini moja iliyokufa zamani. Kilichokosekana ni kioo cha mbele. Miwani ya mama ilikuwa sandukuni, ndani ya ile leso uliyoifunga mwenyewe. Niliitazama siku tatu. Siku ya nne nikachukua bisibisi ndogo. Sikuomba ruhusa kwa sababu nilijua utakataa, na huo ndio ukweli wenyewe.

Mwanzoni tulipanda na bomba letu kwenye dungu la jirani yangu Bi Somoe, kile kibanda cha juu ya miti anakokaa kufukuza ndege kwenye mpunga. Tulitaka kuwa juu ya miti na mbali na mbu. Dada, Shabani akikohoa nyota ilikuwa inaruka kama panzi. Tukashuka. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyetupa dawa: kinu chake. Tukakijaza mchanga, tukasimamisha mchi katikati, tukalifunga bomba kwenye mchi kwa mpira wa baiskeli. Hakitikisiki hata ng'ombe akipita. Tangu hapo Bi Somoe ananiambia, "Mwalimu, nyota zako zitanishindisha njaa," lakini kinu hajawahi kukichukua.

Mwezi tuliuona una makovu kama mtu aliyeugua ndui. Ile nyota kubwa tuliyofundishwa kuiita Jupita, ambayo wenyewe huku wanaiita Mshitarii, tuliiona ina vinyota vinne pembeni, vimejipanga mstari mmoja. Kesho yake vilikuwa vimebadilishana nafasi. Shabani alinikumbatia, na Shabani si mtu wa kukumbatia watu.

Basi mambo yakaharibika. Mtu mmoja akitoka kutega kamba alituona gizani tumeelekeza bomba upande wa nyumba. Huku watu hawapendi bomba linaloelekezwa mahali kama mtutu wa bunduki, na wana sababu zao. Asubuhi tukaitwa ofisini kwa mwenyekiti, Mzee Mbonde. Ni mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya chini inayokufanya ujione una hatia hata kama huna.

"Mwalimu, mie sikushuku kwa lolote," alisema. "Ila watu wanauliza, na mie sina la kuwajibu. Nakupa jioni tatu. Utuonyeshe mie na kamati yangu hicho mnachokitazama. Tukikiona, endeleeni. Tusipokiona, bomba hilo nalipiga marufuku."

Jioni ya kwanza, baada ya swala ya magharibi, wakaja watu sita. Mawingu yalikuwa yametanda kila upande. Tukanywa chai na mihogo ya Bi Somoe, wakaondoka. Jioni ya pili ilinyesha. Nilifunga mdomo wa bomba kwa nailoni nyeusi lisiingie maji, sote tukajibanza upenuni, nikawasimulia habari za kwetu, kwamba mvua ikikosekana siku mbili watu wanaanza kuulizana kulikoni.

"Alaa!" Mzee Mbonde akasema. "Kumbe wewe ndiye uliyetuletea mvua. Basi kwa mpunga wetu, asante."

Walicheka, mimi nikacheka nusu. Ilikuwa imebaki jioni moja.

Jioni ya tatu, dada, mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kamati ilikuja, na nyuma yake nusu ya kijiji, mpaka watoto walioogeshwa tayari kwa kulala. Mshitarii ilikuwa juu kabisa. Shabani akalilenga bomba kwa kufuata misumari miwili tuliyoipachika juu yake ya kulengea. Mimi nikadhani ameshachungulia, yeye akadhani nitachungulia mimi. Mwenyekiti akafika, tukampisha.

Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu, mikono nyuma. Akainuka, akajisafisha koo.

"Naam," akasema. "Nimeiona. Kubwa kweli."

Nikapumua. Akafuata mtendaji. "Inang'aa sana, hasa," akasema. Akafuata mjumbe mmoja, akasema naye ameiona na kwamba ina ukijani kidogo. Nikaanza kushangaa, maana mimi ukijani sijawahi kuuona. Kisha akainama Bi Somoe.

"Mie sioni kitu."

"Tulia, Bi Somoe," mjumbe akamwambia. "Pengine ni jicho lako."

"Jicho langu linaona punje ya mchanga kwenye kilo ya mchele, na mchele wenyewe unaula wewe! Humu mna giza tupu kama ndani ya mtungi." Akaanza kulipapasa bomba kwa mkono, kutoka chini kwenda juu, polepole, mpaka mwisho. "Mwalimu wee," akasema, "mbona umelivisha kofia?"

Akaivua. Ilikuwa ile nailoni ya jana.

Dada, nimewahi kuwa na aibu maishani, lakini ile ilikuwa ya watu wote kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenyekiti. Nikajua bomba limekwenda, na heshima yangu imelifuata. Mzee Mbonde akaitazama nailoni mkononi mwa Bi Somoe, akatutazama, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Basi hiyo niliyoiona mie ilikuwa ya ndani kabisa."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mjumbe wa ukijani alijificha nyuma ya mkewe. Kicheko kilipopungua, mwenyekiti akainama tena. Nikasikia anahesabu kwa kunong'ona. "Viwili. Vitatu. Hapana, vinne." Akainuka, akaenda mwisho wa foleni kama mtu mwingine yeyote, akasubiri zamu yake, akarudi kutazama. Alifanya hivyo mara tatu.

Baadaye akaniuliza kioo kile nilikinunua wapi. Ningeweza kusema chochote. Nikasema ni cha miwani ya mama yangu, marehemu, niliyokabidhiwa na dada.

"Dada anajua?"

Nikamwambia hajui. Nikamweleza na habari ya simu.

"Mwalimu, tuko sawa mie na wewe," akasema. "Mie nimesema nimeona nisichokiona, wewe umesema ipo salama isiyokuwa salama. Yangu imekwisha leo mbele za watu. Yako imebaki. Mwandikie, kwa mkono. Bomba litalala ofisini kwangu mpaka ajibu. Akitaka kioo chake, kirudi kwa mwenyewe, na bisibisi nitaishika mie."

Ndiyo hivyo. Bomba limeegeshwa kwenye kona nyuma ya kiti chake, na watoto wameshaanza kuniuliza dada atajibu lini. Ndani ya bahasha kuna fremu na kioo kilichobaki, vimo kwenye leso yako. Muuguzi wetu anakwenda Kibiti kesho, ataituma kutoka huko.

Nisalimie shemeji na jiko lake. Msalimie mama mdogo Subilaga anayetuombea kila alfajiri, na umwambie huku sijabadili dini, nimebadili salamu tu. Mpwa wangu Lugano mwambie hesabu zake nitazikagua Desemba. Mjomba Ambakisye msalimie, lakini habari hii usimpe, ataitangaza mpaka Kyela.

Sasa lile moja ambalo sikumwambia hata mwenyekiti. Ukiifungua leso utaona kioo kilichobaki ni cha kulia. Nilichotoa ni cha kushoto. Wewe ndiye uliyekuwa ukimshika mama mkono upande huo jicho lilipozimika, asijigonge mlangoni. Fundi alimwekea kioo kushoto ili fremu isiwe na pengo, basi. Kioo kile kilikaa miaka yote mbele ya jicho lisiloona, mpaka mama alipotutoka. Nilikiogopa kile cha kulia, dada, hicho alichosomea. Nikachukua ambacho hakijawahi kuona kitu.

Nisamehe. Utakalosema nitalifanya, na nitalisoma mbele ya kamati, kwa hiyo usinitukane sana. Lakini ujue kwamba juzi jioni, watu wa Maparoni wakiwa wamepanga foleni, kioo cha kushoto cha mama kimeona.

Ndaga fijo, dada, asante sana.

Mdogo wako mwenye kosa,
Lusajo