Kula Ndizi Zako Bila Kujificha

Wanjiru wangu, sasa? Huku Dagoretti Corner tuko sawa. Goti ya cucu, nyanya yako, imepona, saa hii ananifukuza mpaka kwa geti.

Umeniuliza kama ni aibu kula ndizi wenzako wa college wakinunua chipo za viazi. Wacha nikuambie. Nikiwa kijana nilikuwa mjengo Kitisuru, nabeba mawe. Lunch yangu ilikuwa ndizi mbili na avokado, na nilikuwa nazikulia nyuma ya rundo ya mchanga ndio nisichekwe. Mwenye alikuwa ananicheka sana ni fundi Mutua. Yeye saa saba anatoka, anarudi akichokoa meno na kijiti. "Nyama ya leo ilikuwa ngumu. Wewe nyani umekula nini?"

Siku moja nikampata huko nyuma ya mchanga amepiga magoti, anakunywa maji ya mfereji, kijiti iko tayari kwa sikio. Kumbe hakuna nyama. Tukaangaliana. Nikapasua avokado, nikampea nusu na ndizi moja.

"Nyani, uko na chumvi?" akaniuliza polepole.

Nilikuwa nayo kwa karatasi. Tukakula, na mpaka jioni hakuna mwenye alilegea. Kesho yake akakuja na papai mzima, akaikatia juu ya mbao mbele ya watu wote, akaniita kwa jina yangu.

Wewe kula ndizi zako hapo hapo na wenzako. Na ubebe moja zaidi, juu saa zingine mwenye anacheka sana ndiye hajakula.

Ni mimi guka, babu yako, meno saba na bado natafuna miwa.